Bawa Ndani ya Tenga

Nyumba yangu ina milango mingi, na hakuna seremala hata mumoja aliyeigusa. Hicho kitendawili nilimutegea mujukuu wangu wa kike, Mujinga (jina la kwetu, si tusi), akiwa na miaka mine, na hakunikalisha kungoja. "Ni mwili, Nkambo," alisema. Nkambo njo mimi, bibi yake, mama wa mama yake. Kisha akasimama katikati ya kiwanja akanionyesha milango yenyewe: akakunja goti, akalinyoosha, akazungusha bega, akatikisa kichwa mpaka shanga za nywele zikalia.

Tangu siku ile tukawa tunatafutia kila kiungo kitendawili chake. Shingo: jirani yangu anakubali na anakataa, wala kinywa hafungui. Kidole gumba: muzee mufupi anawatembelea ndugu zake wane, kila mumoja kwake. Bega na nyonga tulivipa kimoja kwa vyote viwili: muchi wangu hautoki ndani ya kinu, lakini unatwanga pande zote. Kwa maana ukimushika mutoto bega akizungusha mukono, utasikia kichwa cha mufupa kinazunguka ndani ya shimo lake, sawa muchi ndani ya kinu. Na goti pamoja na kiwiko: mulango wangu unafunguka upande mumoja, ukiusukuma upande wa pili, utaamusha kartye nzima, mutaa wote, kwa kilio. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa sita tu kwa masista, mambo ya mifupa hawakunifundisha. Lakini mutu aliyelea watoto tisa, akawaosha na akawapaka mafuta, ameshika viungo vingi.

Mujinga alipofika miaka kumi na moja, viungo vyake vilikuwa kama vimetoka kupakwa mawese sasa hivi. Wakati ule wa Zaïre kila shule ilikuwa na kundi lake la animasyo, watoto wa kucheza na kuimbia Chama cha serikali siku wakubwa wanapokuja. Ile michezo sikuipenda sana, lakini macho yangu hayakuniuliza. Mabega yake yalikwenda huku, kiuno kule, na viganja vikageuka juu na chini kama mama anayegeuza ndagaa juani. Direktere wa shule alimuweka mustari wa mbele. Mutoto akaanza kusema akikua atacheza Lubumbashi, na atanipeleka.

"Nitafanya nini kule na magoti haya?" nilimuuliza.

"Utakaa kwenye kiti, Nkambo. Utawategea vitendawili. Wale watu wa Lubumbashi watashindwa vyote."

Ilikuwa mwaka wa vita ya Moba, kusini mwa Kalemie yetu. Viviane, binti yangu, mama yake Mujinga, alikuwa ameteremuka Zongwe, upande ule ule wa ziwa, kununua samaki, na habari za vita zikamufungia njia. Mashua hazikupita tena. Mutoto alibaki kwangu. Siku moja ya Novemba, karibu saa sita za mchana, wanafunzi wawili waliniletea Mujinga wakimushika huku na huku. Kwenye mazoezi walikuwa wamemupandisha juu ya mabega ya wenzake, mumoja akateleza kwenye matope, naye akaangukia mukono wa kuume. Mukono ulivimba kama muhogo uliokaa siku tatu ndani ya maji. Ule mulango unaofunguka upande mumoja ulikuwa umelala upande usio wake.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Nkambo, nitacheza tena?"

"Utacheza," nilimujibu. Nilisema haraka, kama unavyomujibu mutoto anayeuliza kama chakula kimeiva.

Nilimupeleka hospitali. Anfirmye, muuguzi wa pale, alimuona vizuri, huruma ilikuwa usoni mwake, lakini platre, ile chokaa ya kufungia mifupa, ilikuwa imekwisha, na munganga wa hospitali aliitwa upande wa vita. "Mama," aliniambia, "kama unamujua muunga mifupa anayejua kazi, usichelewe."

Muunga mifupa anayejua kazi alikuwa mumoja, Papa Isidore wa Niemba. Sheria ya wakati ule ilikataza majina ya ubatizo, lakini nyumbani tuliyatumia, na mutu anayeshika mufupa wako uliovunjika, unamuita jina analolipenda yeye. Alikuwa Kalemie kwa matanga ya dada yake, na mimi nikahesabu ile ni bahati. Alikuja na mufuko wake wa gunia, akakaa kwenye kigoda, akaupitisha mukono wa mutoto kati ya vidole vyake polepole, macho amefumba.

"Mufupa umekatika hapa juu ya kiwiko," alisema. "Mutoto, uma kitambaa."

Akavuta, akasukuma, na nikasikia mufupa unarudi mahali pake. Halafu akapanga vipande vya mianzi kuzunguka mukono, kutoka chini ya bega mpaka karibu na kifundo cha mukono, akafunga kamba za maganda. Mukono ulinyooka kama muti wa bendera.

"Sasa nipe kuku," alisema.

Hii njo desturi ya waunga mifupa wa kwetu, na mutu asiicheke. Ukivunjika muguu, wanamuvunja kuku muguu. Ukivunjika mukono, wanamuvunja bawa. Kuku anafungwa sawa na wewe, kwa dawa ile ile. Kuku haongopi na hajui kujikaza mbele ya watu. Akipona yeye, wewe umepona.

Kuku aliyekuwa karibu alikuwa wa Mujinga mwenyewe, mweupe, mwenye doa jeusi shingoni. Papa Isidore alilivunja bawa kama unavyovunja ukuni mudogo. Mujinga, ambaye hakulia kwa mukono wake, alilia kwa kuku.

Kisha Papa Isidore alinitazama mimi. "Mama, sikiliza. Vidole, kifundo na bega, umuchezeshe kila siku, visilale. Kiwiko usikiguse. Baada ya juma moja mutoe kuku kamba. Siku kuku atafungua bawa lake mwenyewe, bila kulazimishwa, njo siku ya kufungua mukono. Usifungue mbele ya siku ile. Na usifungue nyuma yake."

"Nimesikia, Papa."

Kesho yake akapanda treni ya Niemba. Baada ya pale treni haikutoka tena kwa zaidi ya miezi miwili. Walisema mafuta hakuna.

Sasa musikilize nilivyofanya. Waaskari walikuwa wanapita kwenda na kurudi upande wa Moba, na waaskari wana njaa. Kuku wa kartye yetu walianza kupunguka. Jirani yangu, Mama Philomène, aliamuka na kuku watano. Mchana alibaki na mumoja, na yule mumoja alikuwa anataga juu ya paa kwa woga. Mimi nikawaza: nikiibiwa kuku wote, sawa, tutakula mboga. Lakini nikiibiwa yule mweupe, nitajuaje siku ya kufungua mukono wa mutoto?

Nikachukua tenga, lile la fito ambalo wanauzia kuku sokoni, la kukaa kuku mumoja amejikunja. Nikamutia ndani. Juma lilipotimia nilimutoa kamba, nikamurudisha. Tenga lenyewe nililiweka chini ya kitanda changu. Nilimulisha mahindi kwa mukono kupitia matundu. Nilimupa maji kwa kifuniko cha kopo. Hata mutoto wangu wa kwanza sikumulea vile.

Mama Philomène alikuja kuangalia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wee mama, huyu ni kuku ao mufungwa wa serikali? Hata gavana halindwi hivi."

"Cheka tu. Wako wako wapi?"

"Wangu walikula jua mbele ya kuliwa. Huyu wako hata akitaka kunyoosha muguu, ataomba ruhusa."

Tukacheka wote wawili. Neno lilikuwa pale, mbele ya macho yangu, na mimi nikacheka.

Kila asubuhi tulifanya kazi yetu. Nilimukalisha Mujinga mulangoni nikaanza: "Muzee mufupi anawatembelea ndugu zake wane." Gumba lake likagusa kila kidole, moja moja, mara kumi. "Mutumishi anayeinama mbele na nyuma, na kushoto na kuume, na hana bwana." Hicho kifundo cha mukono, akakiinamisha kama nilivyosema. "Muchi ndani ya kinu." Akazungusha bega, mukono wote na mianzi yake ukapita hewani kama kasia. Kwenye kiwiko tulipita kimya, kama unavyopita mbele ya nyumba yenye matanga.

Halafu tunainama wote wawili chini ya kitanda.

"Amefungua?"

"Bado."

Juma la nne. Juma la tano. Noeli ikapita. Kuku alikuwa na afya, jicho linang'aa, alikula akamaliza, na bawa lilikaa limekunjwa ubavuni.

"Nkambo," mutoto aliniambia siku moja, "mukono hauumi tena. Unawasha tu. Tufungue?"

"Kuku hajafungua bawa."

"Labda amesahau."

"Kuku hasahau."

"Ao anatungoja sisi."

Nilimuambia anyamaze, asije kuharibu dawa kwa maneno mengi. Nilituma habari kwa mutu wa stasyo ya treni, kama treni itatoka amuulize Papa Isidore, lakini treni haikutoka. Nilifikiri: hospitali wangenicheka na kuku wangu. Nilifikiri: nikifungua mbele ya siku, mufupa utakatika tena na mutoto hatacheza. Lile neno la kwanza, usifungue mbele, nilikuwa ninalikumbuka hata usingizini. Neno la pili, usifungue nyuma, lilikuwa limeshatoka ndani ya kichwa changu, sijui lilitokea wapi.

Juma la tisa Viviane alifika. Alitembea kwa miguu kutoka Zongwe siku tatu, hana samaki hata mumoja. Alimukumbatia mutoto wake, kisha akashika ile mianzi.

"Mama, hii imefungwa tangu lini?"

"Tangu Novemba."

"Na leo tarehe gani?"

Nikamueleza habari yote, neno kwa neno, kama Papa Isidore alivyoiweka. Alisikiliza bila kunikata. Nikalivuta tenga kutoka chini ya kitanda ili aone kuku mwenyewe hajafungua bawa, asifikiri ni uvivu wangu.

Viviane alilitazama tenga. Alitia mukono wake juu, akapima ukubwa wake kwa kiganja, huku na huku. Alikaa chini.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "atalifungulia wapi?"

Sikuelewa. Nakuambieni ukweli, nilisimama pale sikuelewa, mpaka kuku alipojigeuza ndani na manyoya yakasugua fito pande zote mbili. Njo nikakaa chini na mimi.

Tulifungua mukono siku ile ile. Mufupa ulikuwa umeunga, hakuna kasoro, hata kwa jicho ungesema kazi nzuri. Mukono wenyewe ulikuwa mwembamba kama wa mutoto wa miaka sita, ngozi inatoka vipande. Mujinga aliutazama kama mutu anayetazama mugeni.

"Kunja," Viviane alimuambia.

Akajaribu. Bega likapanda, shingo ikakaza, uso ukatoka jasho. Vidole vilifunguka na kufunga vizuri, kifundo kiliinama kama tulivyokifundisha. Kiwiko kilibaki kimenyooka.

"Kinakataa," alisema.

"Kitakubali kesho," nikasema mimi.

Hakikukubali kesho. Tulikiweka kwenye maji ya moto yenye majani, tukakikanda kwa mawese asubuhi na jioni. Nilivuta, akalia, nikaacha. Viviane alivuta, akalia, yeye hakuacha, akavuta huku na yeye machozi yanatiririka, na tukapata upana wa kidole kimoja. Siku ya pili kiwiko kilivimba na kile kidole kimoja kikapotea.

Mwezi wa pili wa mwaka mupya treni ilitoka, na Papa Isidore akaja. Alifumba macho, akaupitisha mukono kati ya vidole vyake, na nikaona uso wake unafika kwenye kiwiko na kusimama.

"Kuku yuko wapi?" aliuliza.

Nilimuonyesha tenga. Nilikuwa nimemuacha kuku mule mule; sijui kwa nini, labda kwa haya. Papa Isidore alimutoa, akamuweka juu ya magoti, akashika ncha ya bawa, akavuta polepole. Bawa lilifika nusu ya nusu, kuku akalia, likarudi. Alivuta mara ya pili. Mutoto alikuwa amenyooka akakataa kukunja. Kuku alikuwa amekunja akakataa kunyooka. Nyumba moja, ugonjwa mumoja, na dawa mimi niliitoa kwa mikono yangu miwili.

"Papa, nitukane," nilimuambia.

"Nitakutukana kwa faida gani?" Aliweka kuku chini. "Kosa ni letu wawili. Nilikuambia umutazame kuku. Sikukuambia kuku anataka uwanja. Kwetu Niemba hakuna mutu anayemufunga kuku ndani ya tenga kama hamupeleki sokoni. Sikufikiri. Mufupa unataka kulala, mama. Kiungo kinataka kazi. Ukikilaza pamoja na mufupa, mufupa unaamuka peke yake."

"Kinaweza kurudi?"

"Mimi ninaunga mifupa," alisema. "Kiungo kilichokufa, sijapata kukiunga."

Hakupokea hata maji ya kunywa. Alipofika kwenye njia alisimama kama mutu aliyesahau kitu, halafu akaendelea.

Kuku tulimuacha huru. Alizunguka kiwanja na bawa lake moja likiwa limebana, akianguka kila alipojaribu kupanda kizingiti. Waaskari walipita, wakamuona, wakaenda zao. Hakuna aliyemutaka. Njo yule niliyemuficha miezi miwili ili asiibwe.

Shuleni waliweka mutoto mwingine mustari wa mbele, binti ya Mama Philomène. Mujinga alikwenda kutazama mara moja. Alirudi akaniambia yule binti anachelewesha kiuno, basi, hakuzungumuza tena habari ya animasyo.

Chakula njo kilituvunja. Mukono wa kuume ulikata bukari, ugali wetu, ukaukanda vizuri kwa vidole, ukauchovya kwenye mboga, kisha ukaondoka kwenda kinywani na kusimama katikati ya njia. Alijaribu kupeleka kinywa kwenye mukono, akainamisha shingo mpaka tukasikia mifupa ya mugongo inalia, haikufika. Na mukono wa kushoto, munajua wenyewe, hauli mbele ya watu. Viviane alimuambia: kula na wa kushoto, Mungu anaona. Mutoto alikataa. Alikuwa amelelewa vizuri, nimemulea mimi. Basi nikawa ninamulisha, binti wa miaka kumi na mbili sasa, kipande kwa kipande, kama nilivyomulisha yule kuku kwa matundu.

Jioni moja jua lilipokuwa linakwenda kulala, siku za mvua za mwisho za mwezi wa ine, tulikuwa tumekaa mulangoni na sahani kati yetu. Tangu tulipofungua mianzi hatukutega kitendawili hata kimoja.

"Nkambo," alisema, "nikutegee."

"Tega, mama."

"Majirani wawili. Kila siku mumoja alikuwa anamupelekea mwenzake chakula. Sasa anakibeba vizuri, anafika nusu ya njia, anasimama. Wanatazamana tu. Ni nani?"

Nilijua. Hata mutoto wa kunyonya angejua. Lakini jibu nilikuwa nimelishika mimi ndani ya vidole vyangu, kipande cha bukari, na sikuweza kulisema.

"Nimeshindwa," nikasema.

Katika muchezo wetu anayeshindwa anatoa muji. Alininyooshea ule mukono, kiganja juu. Kugeuza kiganja, hata hiyo ilikuwa imebaki nusu.

"Nipe muji."

"Chukua Zongwe."

"Zongwe ni ya mama."

"Chukua Niemba."

"Niemba siitaki."

"Basi chukua Kiambi, nilikozaliwa, na muto wake wa Luvua na samaki wote."

"Ni mbali."

"Chukua Kalemie. Bandari, stasyo, soko, na ziwa mpaka katikati."

Mukono ulikuwa bado umenyooka mbele yangu. Haukuwa na namna nyingine ya kukaa.

"Nipe Lubumbashi," alisema.

Katika muchezo unaweza kutoa muji wowote, hata usioujua, hata usiokanyaga. Nimewahi kutoa Kigoma, nimewahi kutoa Roma. Nikafungua kinywa kusema chukua, na ulimi ukakataa, kwa maana ule muji nilikuwa nimeshautoa mara moja, siku ya Novemba aliponiuliza kama atacheza tena na nikamujibu utacheza.

Alingoja. Kuku mweupe akapita mbele yetu, akajaribu kizingiti, akaanguka, akasimama. Mujinga alimutazama mpaka alipokwisha kupita, kisha akashusha mukono juu ya magoti yake, akafungua kinywa, nami nikamulisha.